Yoti mbili za mtumba, moja ya 1971 na moja ya 2003: nichukue ipi?

*Salaam fundi. Nina dola elfu 40 za akiba, nataka boti ya tanga ya kulala ndani, mimi na mama watoto na watoto wawili (miaka 9 na 13). Mpango ni Tanga, Pemba, Unguja, Mombasa mpaka Lamu, Mungu akijalia siku moja Komoro au Shelisheli. Nimepata mbili. Ya kwanza ni Nicholson 32 ya mwaka 1971, ipo Kilifi, mzee mmoja Mwingereza anauza dola elfu 15, mkuku (ule uti wa chini ya boti) mrefu toka mbele hadi nyuma, injini Yanmar 2GM20 iliyowekwa miaka ya tisini, ila chini ina malengelenge. Ya pili ni Bavaria 36 ya 2003, ipo Dar, dola elfu 36, vyumba vitatu, injini ya Volvo ina masaa 1,100 tu, imepakwa rangi inang'aa kama mpya. Muuzaji amekiri iligusa mwamba "kidogo tu" mara moja. Rafiki yangu anasema ile ya zamani ina ugonjwa wa faiba niikimbie. Lakini nimekuta fomula ya kupinduka, Nicholson inapata 1.55 na Bavaria 2.1, na wanasema ikizidi 2 ni hatari. Mke wangu anataka yenye vyumba. Nimechanganyikiwa, nichukue ipi?*

Waalaykum salaam ndugu yangu, na hongera kwa kuweka akiba mpaka ikafika hapo. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nionavyo mimi kinachokutisha hasa ni hela ya miaka yote kuingia kwenye chombo ambacho mwaka wa pili unakitelekeza majini. Ni woga wa haki kabisa. Ila mpaka sasa ulichofananisha ni aina mbili za boti, za kwenye karatasi, wakati unachonunua ni chombo kimoja kipo Kilifi na kingine kipo Dar, kila kimoja na maisha yake, na aina inakusaidia tu kujua uchungulie wapi. Kwahiyo jibu litakuwa refu, vumilia.

Nianze na fomula maana naona ndo imekukosesha usingizi. Hesabu zako ziko sawa: unachukua upana wa boti kwa futi, unagawa kwa kipeuo cha tatu cha uzito wake uliogeuzwa kuwa futi za ujazo za maji ya bahari. Hesabu hii ilizaliwa baada ya mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, boti 303 ziliondoka Uingereza zikakutwa na dhoruba, mabaharia 15 wakafa, watu wakaanza kujiuliza kwanini boti nyingine zilipinduka na kuchelewa kurudi. Sasa angalia inauliza nini: upana na uzito, basi. Haiulizi uzito wa mkuku uko chini kiasi gani. Ukitoa risasi yote chini ya Nicholson ukaifunga juu ya mlingoti, boti inalala hapohapo bandarini lakini fomula bado itakupa 1.55 ileile. Inakuambia tabia kwa mbali tu, kwamba Nicholson ni nyembamba (mita 2.82) na nzito, karibu tani 6 na karibu nusu yake ni risasi, na Bavaria ni pana (mita 3.6) na nyepesi kuliko Nicholson japo ni ndefu zaidi. Kwa safari zako za Pemba na Lamu hatari iliyo karibu ni mwamba, mvua ya masika inayofunga macho, na kulazimisha kuingia mlango wa bahari usiku. Siku ukifikiria Shelisheli tutazungumza tena kupinduka, kwa sasa hiyo 2.1 iweke pembeni.

Halafu malengelenge. Rafiki yako hajakudanganya, amekuza tu. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, na nje kuna ngozi nyembamba inaitwa gelikoti. Hiyo ngozi haizuii maji kwa asilimia mia, mvuke wa maji unapenya polepole miaka na miaka, na ukifika ndani unakutana na mabaki ya kemikali ambayo hayakukauka vizuri siku boti ilipojengwa. Pale inatengenezeka maji yenye asidi, na hayo maji mazito yanavuta maji mengine kutoka nje ili yalingane, yanavimba kama maharage yaliyolowekwa usiku, gelikoti inainuka. Maji ya joto kama yetu yanaharakisha. Boti ya nusu karne inayolala Kilifi bila lengelenge hata moja ndo ningeishangaa, ningeuliza imepakwa nini.

Cha kufanya, ikiwa juu chagua malengelenge matatu manne, uvae miwani maana yale maji yanatoka kwa presha, toboa na ncha ya bisibisi. Yatatoka maji yananata, yananuka siki. Kwangua pale. Kama chini ya ngozi faiba ni ngumu, nyeupe au kijani inayong'aa, hilo ni tatizo la ngozi, unakwangua, unaosha kwa maji baridi mara nyingi, unaacha likauke, unajaza epoksi. Kama nyuzi zinabanduka kwa kucha na ni laini ndani, sasa hiyo ni hadithi nyingine. Faida yako ni kwamba boti za miaka ile wajenzi walikuwa bado hawaiamini faiba wakawa wanaimwaga nene, na Nicholson 32 ina jina kwa hilo. Malengelenge ya saizi ya shilingi yaliyotawanyika nayatumia kuombea punguzo la bei, sikimbii.

Kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni lile neno "kidogo tu" la muuzaji wa Dar, pamoja na hiyo rangi inayong'aa.

Mkuku wa Bavaria ni pande la chuma, jembamba, refu kwenda chini (mita 1.95 kwenye ile ya kawaida), limefungwa chini ya boti kwa bolti. Ujenzi wa namna hii wanao wajenzi wengi tu na boti maelfu zinatembea nao salama. Tatizo linakuja ukigonga mwamba. Boti ina tani 5, inaenda noti sita (maili sita za baharini kwa saa), ncha ya chini ya mkuku inasimama ghafla ila boti juu bado inataka kwenda. Basi mkuku unafanya kama mtu aliyejikwaa, upande wa mbele unavutwa chini na upande wa nyuma unasukumwa juu, unapiga sakafu ya boti. Ndani kuna fremu ya faiba iliyogundishwa kwenye sakafu ili igawanye ule mzigo, na gundi yake inaweza kuachia bila wewe uliye nje kuona chochote. Unaendelea kutembea, kila wimbi linachezesha, bolti zinabeba kazi ambayo ilikuwa ya fremu.

Mwezi wa tano 2014 yoti ya Kiingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki, Beneteau First 40.7, ilikuwa inatoka Antigua kurudi Uingereza, katikati ya Atlantiki ikapoteza mkuku na mabaharia wote wanne hawakuonekana tena. Manowari ya Marekani iliikuta imepinduka, mkuku haupo. Wachunguzi wa ajali wa Uingereza, MAIB, walieleza kuwa inawezekana kugonga chini kwa nyakati tofauti na matengenezo yaliyofuata vilidhoofisha pale mkuku unaposhikana na boti. Ile ni boti nyingine ya kampuni nyingine na ilikuwa bahari kuu, kwahiyo usije ukaenda kumwambia muuzaji fundi kasema Bavaria yake inazama, sijasema hivyo. Nasema mkuku wa bolti uliogusa mwamba lazima uthibitishwe kuwa mzima kabla hujatoa hela, na neno la muuzaji sio uthibitisho.

Unathibitishaje? Inua mbao za sakafu ndani, chukua tochi, angalia hasa nyuma ya mkuku na mbele yake. Unatafuta nyufa nyembamba kwenye kona za ile fremu, faiba iliyogeuka weupe, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ya ngama, pale chini maji machafu yanapokusanyika (nani anapaka rangi ngama kwa raha zake?), na kutu kuzunguka nati. Gonga na kitako cha bisibisi, sauti kavu inaenda ghafla ikawa nzito au tupu, hapo weka alama. Halafu boti inyanyuliwe na kreni, mtu mmoja asukume ncha ya mkuku kulia kushoto na wewe utazame kiungio. Kikifunguka hata unene wa ukucha, funga mkoba uende nyumbani. Ikishushwa taratibu juu ya magogo mtu awe ndani ameweka vidole kwenye fremu, atasikia kama inacheza. Na ile rangi ya chini mwombe muuzaji ruhusa ukwangue mstari kwenye kiungio na kwenye ncha ya mbele ya mkuku. Akikataa umeshajibiwa.

Nicholson hapa ina raha yake, risasi imewekwa ndani ya faiba yenyewe, hakuna bolti, hakuna chuma cha kushika kutu. Ila nayo chungulia chini kabisa ya mkuku, kama matumbawe yaliitoboa zamani na mtu akaziba hovyo, maji yanakaa kati ya risasi na faiba miaka.

Usidhani basi nimeshachagua. Ile ya Kilifi ina magonjwa yake ambayo hujayataja, na yananisumbua kuliko malengelenge. Kwanza zile bamba za stenlesi zinazoshika waya za mlingoti. Stenlesi haishiki kutu kwasababu ina utando mwembamba juu yake unaojitengeneza kwa hewa. Pale bamba linapopita ndani ya deki, pamebanwa, kuna unyevu wa chumvi na hakuna hewa, utando unakufa na chuma kinaliwa kwa ndani kama tundu la sindano. Nje kinang'aa. Siku upepo wa kusi umekaza, bamba linakatika palepale usipopaona na mlingoti unakuja chini. Mwambie mzee atoe bamba moja, moja tu, lile lenye mchirizi wa kahawia karibu yake. Ukiona mashimo au ufa, hesabu zote zinabadilishwa.

Deki pia. Boti nyingi za zama zile deki yake ni faiba juu, faiba chini, katikati mbao nyepesi ya balsa. Kila tundu la skrubu ambalo halikuzibwa vizuri ni mlango wa maji, balsa inaoza kimyakimya. Tembea peku, pasipo na ugumu mguu unasema. Gonga na sarafu kila kiganja kuanzia omo (mbele) mpaka shetri (nyuma), hasa chini ya mlingoti na kuzunguka vishikio. Kiraka cha saizi ya sinia kinatengenezeka, nusu ya deki ni miezi ya kazi. Waya zenyewe za mlingoti uliza zina umri gani na utake risiti, zikipita miaka kumi na kitu kwenye chumvi na jua letu mimi nahesabu kuwa ni za kubadilisha, hata kama macho hayaoni kitu. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye waya, sio mkono, uzi mmoja uliokatika utakamata kitambaa. Na hilo la waya lifanye kwenye boti zote mbili maana ya 2003 kama haijawahi kubadilishwa basi ina waya za miaka ishirini na zaidi.

Injini sasa. "Masaa 1,100 tu" yamekufurahisha, mimi yananipa maswali. Miaka ishirini na kitu kwa masaa 1,100 ni wastani wa saa moja kwa wiki, na kwa kawaida hiyo saa moja ni kuwashwa bandarini kuchaji betri, injini haipati hata joto lake. Dizeli inapenda kazi. Injini yenye masaa mara tatu ya hayo iliyobadilishwa oili na ina daftari ningeiamini zaidi. Ukienda kuiona sema unataka ikiwa baridi, ukifika weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu kuisha, kama ina joto mtu amekutangulia kuiamsha na kuna sababu. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweusi chini ya mzigo inaweza kuwa propela chafu au hewa au nozeli, mweupe usioisha utafute. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ondoka.

Bavaria ina kitu cha ziada, saildraivu, ule mguu wa alumini unaoshuka kwenye tundu kubwa chini ya boti, na kinachozuia bahari kuingia ni pete ya mpira. Volvo wanasema ibadilishwe kila miaka 7. Kuibadilisha boti lazima itoke majini na injini isogezwe. Uliza mara ya mwisho lini, na taka risiti. Na angalia huo mguu kama alumini imechimbika, kuna mafundi wetu wanapaka rangi ya shaba ya kuzuia chaza mpaka kwenye mguu, na shaba ndani ya maji ya chumvi inaila alumini vibaya sana. Yanmar ya Kilifi ni ndogo, nguvu za farasi 18 hivi kwa boti ya tani 6, itakupeleka bandarini ila usitegemee ikupiganie na mkondo. Spea zake sio za kulilia, na fundi wa dizeli yoyote mwenye akili anaielewa.

Tukienda baharini kwenyewe, hapa Bavaria inarudisha pointi. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima upande wa Tanga na Mombasa, na kipindi cha kusi unafika mpaka noti nne. Nicholson ina urefu wa mita 7.3 tu kwenye maji, kasi yake ya kawaida ikienda sana ni noti sita na nusu, na ukiwa unabisha, yaani unaukabili upepo kwa kona kona, unapoteza sehemu kubwa ya hiyo. Sasa toka Lamu mwezi wa saba ukitaka Tanga, upepo wa pua na mkondo wa pua, utatazama mnara uleule asubuhi na jioni. Bavaria inakwenda karibu na upepo zaidi, ni ndefu, injini ina nguvu zaidi. Lakini hata hiyo utawachosha watoto bure. Wazee wa majahazi walipanda na kusi wakarudi na kaskazi, na wewe ukipanga likizo za watoto kwa kalenda hiyo tofauti ya boti inapungua sana. Upepo ukiwa wa kubembeleza Bavaria inateleza vizuri, Nicholson inakaa inasubiri. Na kwenda kinyumenyume Nicholson haina adabu kabisa, utaaibika gatini mpaka uizoee.

Kuna jambo ambalo mitandao ya Ulaya haitakuambia kwasababu wao wana kreni kila kona. Kwetu sehemu za kupandisha boti ya mkuku ni za kuhesabu, na rangi ya chini inataka kupakwa kila mwaka. Nicholson unaweza kuipweleza. Bamvua, zile siku za maji makubwa, maji yetu yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kwa kawaida yanajaa karibu saa kumi alfajiri yanapwa kama saa nne asubuhi, kwahiyo unaileta gizani, unaiegemeza kwenye ukuta au nguzo ikiwa imelalia kidogo upande wa ukuta na kamba toka mlingotini, kukicha imekaa juu ya mkuku wake mrefu na wewe una masaa ya kusugua na kupaka kabla maji hayajarudi. Ndivyo majahazi yanavyopakwa deheni mpaka leo, na utapata watu wanaojua kuegemeza chombo bila kuwafundisha. Bavaria yenye mkuku mfupi toka mbele hadi nyuma, usukani unaoning'inia peke yake na mguu wa saildraivu, sikushauri. Inaweza kuinama pua ikakalia usukani. Kila mwaka kreni, na kreni ikiharibika unasubiri.

Mama watoto asipuuzwe. Nicholson ndani ni nyembamba, mwezi wa pili kuna joto, mtoto wa miaka 13 baada ya mwaka atataka mlango wake mwenyewe. Bavaria ina hewa, ina vyumba, ngazi ya kuogelea nyuma. Nimeona boti nzima kabisa zinaozea majini kwasababu familia haikutaka kulala ndani. Kabla ya kuamua chochote nenda naye Kilifi, mlale mle usiku mmoja kama mzee ataruhusu, mpike chai, watoto walale pale mbele. Turubai kubwa juu ya deki na feni mbili ndogo zinabadilisha mengi, ila yeye ndo aseme.

Hela. Hapa naongea kwa ukali kidogo. Bavaria kwa elfu 36 inakuacha na elfu 4, na waya za mlingoti pamoja na pete ya saildraivu vinaweza kuimaliza hiyo kabla hujagusa matanga, betri, wala huo mkuku. Boti ya mtumba mwaka wa kwanza inakula, usipokuwa na theluthi ya bajeti mfukoni baada ya kununua umenunua picha. Nicholson kwa elfu 15, au 12 ukipigia malengelenge, inakuacha na zaidi ya elfu 20 za waya mpya, bamba mpya, tanga kubwa jipya, nanga nzuri na cheni ya kutosha.

Karatasi sasa, fupi ila usiruke. Boti za wageni mara nyingi zimeingia nchini kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru, ukiinunua ushuru unakuwa wako. Nenda forodha mwenyewe, KRA kwa ile ya Kilifi, TRA kwa ya Dar, uulize hali yake kabla ya kutoa hata amana, na ukitaka kuivusha mpaka uulize pande zote mbili. Taka cheti cha usajili cha nchi ilikotoka chenye jina la huyo anayekuuzia, mkataba wa mauzo, na ithibati kwamba haidaiwi, maana madeni ya maegesho na mishahara ya mabaharia yana tabia ya kufuata chombo hata kikibadilisha mwenyewe. Usajili wa hapa ni KMA kwa Kenya na TASAC kwa Tanzania bara, Zanzibar wana mamlaka yao.

Na hapa ndo mwisho wa kinachowezekana kwa maandishi. Mimi sijaziona hizo boti, na hakuna picha itakayoniambia fremu imeachia. Lipa mkaguzi wa boti, saveya, uliyemtafuta mwenyewe, sio wa muuzaji wala rafiki wa dalali, boti ikiwa nje ya maji, awe na kipima unyevu na nyundo. Kama hayupo karibu mlipie nauli aje, kwa hela unayotaka kutoa ni ndogo. Muulize mapema asichokagua, wengi hawapandi mlingoti na hawafungui injini, kwahiyo utahitaji fundi wa dizeli na mtu wa kupanda juu. Fundi wa majahazi unayemwamini mchukue pia kwa macho yake, ila faiba inadanganya tofauti na mbao, asiwe peke yake. Halafu nusu siku baharini na kila boti, matanga yote juu, injini robo saa kwa nguvu zote huku mtu anachungulia chini kama kuna maji yanaingia.

Ingekuwa hela yangu na mpango wangu ni huo wako, ningeanza Kilifi, bamba na deki kwanza, zikiwa sawa na mama watoto hajanuna ningemaliza biashara hapo. Bamba zikiwa zimeliwa zote na deki imeoza, elfu 15 ni ghali, namshukuru mzee naondoka. Bavaria ningeirudia tu kama saveya ameiona ikiwa inaning'inia kwenye kreni akasema mkuku safi kwa maandishi, na bei imeshuka mpaka elfu 27 au 28. Zote mbili zikifeli, subiri. Wageni huwa wanafika na kusi kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anachoka na safari anataka tiketi ya ndege kurudi kwao.

Usimwambie muuzaji yeyote kwamba una elfu 40. Na ukishainua mbao za sakafu huko Dar, piga picha za ile fremu kwa tochi ya pembeni, sio ya mbele, nyufa zinaonekana kwa kivuli. Nitumie nizitazame kabla hujamlipia saveya nauli, kama ufa uko wazi utakuwa umeokoa hiyo hela.